Akishapimwa, Kinafuata Nini?

Kuna tangazo ambalo redio za Afrika Mashariki hazijawahi kulikosa. Husomwa katikati ya tangazo la msiba na la mnada wa ng'ombe: anatafutwa mzee mmoja, mwembamba, maji ya kunde, mara ya mwisho alionekana amevaa koti la kahawia na kandambili; alitoka nyumbani alfajiri na hadi sasa hajarejea; atakayemwona atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu au kwa mwenyekiti wa mtaa. Kisha mtangazaji huongeza sentensi fupi, tena kwa haraka, kana kwamba anaisoma kwa niaba ya mtu anayeona haya: mzee huyo ana tatizo la kumbukumbu.

Mazungumzo haya yanahusu sentensi hiyo ya mwisho. Kwa familia nyingi, siku ya tangazo ndiyo siku ya kwanza jambo hilo kutoka nje ya ua. Kabla ya hapo lilikuwa siri ya jikoni. Babu anadai hajala ilhali sahani yake haijaondolewa. Bibi anatia chumvi kwenye mboga, anazunguka, anatia tena. Mama anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, na binti anaitika tu ili kuepusha maneno. Watu husema ni uzee. Husema amerudi utotoni. Wakichoka na hayo, huanza kusema mengine mabaya zaidi.

Uzee peke yake haumfanyi mtu apotee kwenye njia aliyoipita miaka arobaini. Hali hiyo ya akili kufifia, kumbukumbu, lugha na maamuzi vikiharibika hadi mtu asiweze kujihudumia, madaktari huiita demensia, na ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoileta mara nyingi kuliko mengine yote: asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka huongezeka wapya karibu milioni 10. Dhana kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu wanaoishi sana imepitwa na hesabu.

Dhana hiyo lakini haikuzuka hewani. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Huko Marekani Alzheimer ilikutwa kwa asilimia 6.2; Ibadan ilikuwa asilimia 1.4. Wengi walisoma tarakimu hizo wakastarehe. Afrika imesalimika, walisema.

Kisha ikaja Hai.

Hai ni wilaya ya Kilimanjaro, makao yake makuu yakiwa Bomang'ombe, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi. Tangu miaka ya 1990 Wizara ya Afya ya Tanzania na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza walikuwa wakihesabu vizazi na vifo katika vijiji vyake, kwa hiyo kulikuwa na orodha ya watu na umri wao, jambo ambalo sehemu nyingi hazina. Kati ya mwaka 2009 na 2010 watafiti walizunguka kuwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea. Waliobainika kuwa na demensia baada ya kuonwa na daktari walikuwa 78. Hesabu iliporekebishwa kwa kuzingatia umri, ilitoka asilimia 6.4. Hiyo haiko mbali na ile ya Ulaya, na imetoka kwenye vijiji vya migomba na kahawa ambako ungeambiwa hakuna mtu wa namna hiyo, kuna wazee tu.

Namna ya kupima ilikuwa tatizo lenyewe. Vipimo vingi vilivyotungwa Ulaya na Marekani humtaka mtu achore saa, aandike sentensi, au ahesabu kurudi nyuma kutoka mia akitoa saba saba. Bibi wa Machame ambaye hajawahi kushika kalamu ataanguka mtihani huo hata kama anakumbuka madeni ya kijiji kizima. Timu ya Hai na wenzao wa Nigeria wakatengeneza kipimo kingine kifupi, chenye sehemu sita na alama 15, ambacho anaweza kukitumia muuguzi wa zahanati bila ya kuwa bingwa. Mzee huulizwa leo ni siku gani. Huulizwa kiongozi wa kijiji ni nani. Huulizwa daraja ni kitu gani, na hapo hatakiwi kutoa maelezo ya mhandisi. Anatakiwa aonyeshe kwamba anaelewa kitu kinachovusha watu. Husomewa maneno kumi, kisha baadaye huombwa ayarudie. Hupewa dakika moja ataje wanyama wengi kadiri awezavyo: ng'ombe, mbuzi, kuku, nyani, na wengine huganda hapo, wakarudi kwa ng'ombe, kisha ng'ombe tena.

Mahali pa kalamu paliwekwa njiti za kiberiti. Mpimaji hupanga njiti chache mezani kwa umbo fulani, mzee naye huombwa apange zake vilevile. Kila nyumba ina kiberiti. Aliyesoma na asiyesoma wanaijua njiti, wanajua ina kichwa na ina mkia, na ubongo unaoanza kuharibika hujionyesha pale pale: njiti moja inatazama huku, nyingine imelala juu ya mwenzake, na mzee anajua kabisa kwamba kuna kitu hakijakaa sawa lakini mkono haujui pa kukisogeza. Alama saba au pungufu zinatosha kumpeleka mbele kwa uchunguzi. Ni kipimo cha heshima, na kwa maoni ya mwandishi wa mazungumzo haya, hakuna dawa iliyowahi kuletwa Hai iliyotumia akili nyingi kuliko hizo njiti.

Hapo kwenye kupima ndipo mipango mingi ya afya hukwama, na hapo ndipo panapostahili kukaziwa maneno. Mtaalamu akishapata kipimo, hamu ya kwanza ni kupima. Hupimwa kata nzima, hupatikana takwimu, takwimu huandikiwa ripoti, ripoti husomwa kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Nyuma kijijini, mzee aliyepata alama tano amerudishwa nyumbani na mkwe wake, na alichoongezewa ni jina la kigeni. Jana alikuwa babu msahaulifu. Leo ni mgonjwa wa kitu ambacho hakuna anayejua kukihudumia. Kumpima mtu usiyekuwa na cha kumpa ni kuihamishia familia hofu ya daktari.

Mpango wa wagonjwa wa Alzheimer, kwa hiyo, ungefaa upangwe kinyumenyume. Wapangaji waanzie siku inayofuata baada ya majibu: asubuhi ile mlezi anapoamka, atakuwa na nini mkononi ambacho jana hakuwa nacho? Wakishalijibu hilo, ndipo waagize viberiti.

Watafiti wenyewe wa Hai walilazimika kulijibu, kwa kuwa waliwagundua watu na hawakuweza kujifanya hawakuwaona. Walichukua tiba iliyotungwa na wanasaikolojia wa London mwanzoni mwa miaka ya 2000: vikao vya vikundi vidogo, jumla 14, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, ambapo wenye demensia ya kiwango cha chini au cha kati huketi pamoja kuchangamsha akili kwa mazungumzo, michezo, vyakula, sauti, fedha na kumbukumbu za utotoni. Ilibidi ifanyiwe ukarabati. Michezo ya maneno na namba ilibadilishwa kwa sababu wengi hawakusoma. Wasioona vizuri na wasiosikia vizuri walihitaji vitu vya kushika. Wauguzi na wataalamu wa tiba kwa vitendo ndio walioongoza. Walioshiriki katika jaribio hilo walikuwa 34, nalo likachapishwa mwaka 2017: uwezo wa akili ulipanda, wasiwasi ukapungua, na tabia zinazowasumbua walezi zikatulia kiasi. Watu 34 ni wachache, na hakuna aliyedai wamepona. Ila hakuna kidonge kilichotumika, wala hakuna mashine.

Siri ya vikao hivyo iko kwenye namna ya kuuliza. Kiongozi anatakiwa aombe maoni, asidai kumbukumbu. Chukua mfano wa mbege, pombe ya ndizi ambayo huko Uchagani kila mzee ana lake la kusema. Ukimuuliza bibi mara ya mwisho alipika mbege lini, umemwaibisha mbele za watu, maana hajui. Muulize mbege nzuri hutiwa ulezi kiasi gani, na ndizi ziive vipi kabla ya kupikwa, utaona anainua kichwa. Atasema lake, jirani atambishia, wa tatu atacheka kwamba wote wawili walikuwa wakiuza maji. Kwa muda huo mfupi hakuna mgonjwa pale, kuna wajuzi wa mbege. Mlezi aliyekaa pembeni hujifunza kitu ambacho hakuna kipeperushi kingemfundisha: kwamba mzee bado yumo, na kuna mlango mwingine wa kumfikia kuliko ule anaougonga kila siku kwa kuuliza “Hunikumbuki?”

Kabla ya kufika huko kuna kazi ya zahanati, na kazi hiyo haingoji bingwa. Si kila anayechanganyikiwa ana Alzheimer. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu na Alhamisi anaongea na watu wasiokuwepo, huyo ana dharura: huenda ni homa ya mapafu, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka au kukosa maji mwilini, na akitibiwa akili hurudi. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri hupunguza kasi ya akili. Upungufu wa vitamini B12 hufanya hivyohivyo. Kaswende ya zamani isiyotibiwa, virusi vya UKIMWI, sonona baada ya kufiwa na mwenza, pombe, kugonga kichwa kwenye ajali ya pikipiki. Yote haya huvaa joho la usahaulifu. Hata dawa zenyewe zimo. Amitriptyline, pamoja na baadhi ya vidonge vya mafua na mzio vile vinavyoleta usingizi, huvuruga akili za wazee, na vingine hununuliwa dukani bila swali. Kuna pia jambo la kuchekesha lisilochekesha: mzee anayejibu ovyo kwa sababu masikio yamejaa nta. Tabibu mwenye kifaa cha kutazama masikio anaweza kumtoa kwenye orodha ya wagonjwa wa demensia mchana mmoja.

Masikio yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kusema kwamba yakirekebishwa yote, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kutosikia katika umri wa makamo kuko juu kabisa kwenye orodha, sambamba na mafuta mabaya ya damu. Yamo pia shinikizo la damu, kisukari, sigara, kutosoma, upweke, macho mabovu, hewa chafu. Ukirudi Hai, karibu wazee saba katika kila kumi walikutwa na shinikizo la damu, na wengi hawakuwa wamejua. Kliniki ya presha na sukari, ile yenye benchi refu na daftari kubwa, tayari ni kliniki ya kuzuia demensia, ingawa bangoni haijaandikwa hivyo.

Na dawa? Swali hili huulizwa kwanza na kila familia, kwa haki kabisa. Zipo donepezil, rivastigmine, galantamine na memantine, ambazo kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza makali kwa muda bila kuusimamisha ugonjwa. Zipo mpya zinazosifiwa sana, lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024, zinazopunguza kasi kiasi kwa walio katika hatua za mwanzo. Lecanemab ilipoidhinishwa ilikuwa ikitiwa kwa dripu kila baada ya wiki mbili, baada ya kuthibitisha ugonjwa kwa picha maalumu ya ubongo au maji ya uti wa mgongo, na mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara kwa kuhofia ubongo kuvimba au kuvuja damu. Ilipoingia sokoni bei yake ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, kwa mtu mmoja. Mpango wa wilaya unaoanza na dawa hizo ni mpango wa kungoja.

Dawa inayohitaji kuzungumzwa zaidi ni ile iliyomo tayari kabatini. Mzee akipiga kelele usiku, ndugu wamechoka, ni rahisi kuandikiwa haloperidol au chlorpromazine ili alale. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake kali mwaka 2005 kuhusu kundi jipya la dawa za aina hiyo, na mwaka 2008 ikaliongeza kundi la zamani: kwa wazee wenye demensia huongeza hatari ya kufa. Zina nafasi yake, kwa muda mfupi, hatari ikiwa kubwa kweli. Lakini kwanza muuguzi aulize kama mzee ana maumivu, kama amefunga choo, kama chumba kina giza, kama kuna mtu anamtisha. Maswali hayo hayana stakabadhi, ndiyo maana hayaulizwi.

Sasa yuko mtu ambaye hajatajwa kwenye fomu yoyote. Mara nyingi ni binti aliyebaki nyumbani, au mkwe, au mjukuu aliyeacha shule “kwa muda”. Ndugu walioko mjini hutuma pesa na ushauri. Yeye ndiye anayefua mashuka. Analala kwa zamu ingawa hana wa kupokezana naye. Duka lake la genge limefungwa kwa sababu hawezi kuwa sokoni saa kumi na moja alfajiri na wakati huohuo awe mlangoni kumzuia baba asitoke. Akipandwa na hasira, akamfokea mzee, hujilaumu hadi usiku, na kesho hurudia. Wahasibu wa mipango hawamwoni kwa sababu hana mshahara, na kisicho na mshahara hakina kasma.

Mtu huyu ndiye huduma yenyewe. Akianguka, hakuna hospitali ya wilaya yenye wodi ya kumpokea mzee wake. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kuwafundisha walezi, uitwao iSupport, unaopatikana kama kitabu na kwenye intaneti: namna ya kumwogesha asiyetaka kuoga, kumjibu anayeuliza jambo lilelile mara ishirini, kujipumzisha mwenyewe. Mafunzo ni mazuri. Hata hivyo walezi wakiulizwa wanataka nini, wengi hawaanzi na mafunzo; wanaanza na masaa. Mtu aje akae na mzee Jumatano mchana, yeye aende saluni, benki, kanisani, msikitini, au alale tu. Kanisa na msikiti vina majengo yanayokaa matupu siku za katikati ya wiki. Vikao vya Hai vingeweza kufanyika humo, na mlezi akapata nafasi yake ya kuvuta pumzi bila kujengwa tofali jipya.

Huko Kenya sauti ya walezi imeanza kusikika mapema zaidi. Elizabeth Mutunga, aliyeujua ugonjwa huu kupitia baba yake, alianzisha shirika la Alzheimer na demensia la nchi hiyo, na mikutano ya walezi ikawa sehemu ya kazi yake. Katika kaunti ya Makueni watafiti wa Kenya wakishirikiana na wenzao wa nje walijaribu njia ya kupunguza unyanyapaa kwa kuwatumia wahudumu wa afya ya jamii, watu wanaojulikana kwa majina na wanaopewa kiti wakifika.

Unyanyapaa huo hauishii kwenye kucheka. Kwa muda mrefu, katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania na katika kaunti ya Kilifi kule Pwani ya Kenya, wazee wametuhumiwa uchawi, wakafukuzwa, wengine wakauawa. Sababu ni nyingi, na ardhi ni mojawapo. Isisemwe kwamba kila aliyetuhumiwa alikuwa na demensia. Ila tazama dalili zenyewe: anatoka usiku wa manane, anakutwa amesimama uani kwa mtu, nguo hazijakaa vizuri, anaongea peke yake, akiulizwa anataka nini hawezi kueleza. Mwenyekiti wa kijiji ambaye hajawahi kuambiwa kuna ugonjwa wa namna hiyo atafikiria nini? Hai kwenyewe, watafiti waliozungumza na familia waliwakuta wengi wakiona ni uzee wa kawaida, na wengine wakitaja laana au kurogwa na kukimbilia maombi. Viongozi wa dini na wa vijiji ni wa kuingizwa kwenye mpango tangu kikao cha kwanza. Wakialikwa siku ya uzinduzi tu, watapiga makofi na kurudi na waliyoyajua.

Kuna na barabara. Japani, nchi yenye wazee wengi kuliko karibu zote, polisi walipokea mwaka 2023 taarifa zaidi ya 19,000 za watu wenye demensia waliopotea. Tangu mwaka 2005 nchi hiyo imekuwa ikiendesha darasa fupi la kama saa moja na nusu kwa mtu yeyote, karani wa benki, mwuza duka, mwanafunzi, kuhusu namna ya kumtambua na kumsaidia mtu wa namna hiyo. Kwa miaka mingi aliyehitimu alipewa bangili ya rangi ya machungwa. Waliohitimu wamepita milioni 10. Huku kwetu walimu wa darasa hilo wangejua waanzie kijiwe gani. Bodaboda ndiye anayemwona mzee anayetembea saa tisa usiku kandokando ya lami, na ndiye atakayempakia hadi kijiji cha mbali kwa sababu mzee amesema kwa uhakika kabisa kwamba anaishi huko. Aliishi kweli, mwaka 1968. Nusu saa ya maelezo kijiweni, na namba moja ya simu iliyobandikwa kwenye kofia ngumu, vingepunguza matangazo yale ya redio.

Wa kufanya kazi hizi hawahitaji kuumbwa. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kuwafikisha 137,294 ndani ya miaka mitano. Kenya iliwatuma uwanjani wahudumu wake wapatao laki moja Septemba 2023, wakiwa na vifaa vya kupima presha na sukari. Orodha za wazee nazo zipo: Zanzibar hulipa Pensheni Jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi tangu 2016, na Kenya ina Inua Jamii kwa umri huohuo. Anayepokea pensheni ana jina, umri na makazi yaliyoandikwa. Mhudumu akiwa na orodha hiyo, njiti za kiberiti na mahali pa kumpeleka atakayemtilia shaka, ana mpango mkononi. Akikosa hicho cha tatu, arudi nyumbani kwanza.

Wasiwasi uliopo ni wa kweli: wahudumu hawa wamekwisha kubebeshwa chanjo, lishe, kifua kikuu, malaria na vyoo. Kuwaongezea demensia bila kuwaongezea posho ni kuwafundisha kuandika uongo kwenye fomu. Afadhali wawili wenye muda katika kata moja kuliko ishirini waliopewa semina ya siku moja na chupa ya maji.

Hatua ya mwisho ya ugonjwa ndiyo inayoachwa nje ya mipango mingi zaidi. Alzheimer huua. Mgonjwa huacha kutembea, huacha kusema, na hatimaye kumeza kunakuwa kazi. Chakula huteleza kwenye njia ya hewa, vidonda vya kulala hutokea mgongoni, na maumivu hayana maneno ya kuyaeleza. Mpira wa kulishia haurefushi maisha katika hatua hiyo, ingawa familia huuomba kwa mapenzi. Linalosaidia ni muuguzi wa kufika nyumbani, aonyeshe namna ya kumgeuza, kumketisha wima kabla ya kijiko, na kusoma maumivu usoni. Uganda ilionyesha njia zamani: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilizoesha nchi mofini ya maji inayonyweka nyumbani, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Ilianza kwa ajili ya saratani na UKIMWI. Kitanda cha mgonjwa wa Alzheimer hakina tofauti inayomzuia muuguzi huyohuyo kukifikia.

Gharama za haya yote, ukizijumlisha, nyingi ni mafuta ya pikipiki, chai ya vikao, nauli na posho. Ni vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo hufutwa kwanza bajeti ikibana. Tanzania kila halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, na maandalizi huanza miezi mingi kabla. Kikaoni huketi mganga mkuu wa wilaya, mfamasia, mratibu wa chanjo, mtu wa takwimu, wa ustawi wa jamii. Ni nadra kumkuta humo aliyewahi kulala chumba kimoja na mgonjwa wa Alzheimer na kuamshwa mara sita. Kumwalika mlezi mmoja hakuhitaji sera mpya: kunahitaji nauli yake, na mtu wa kubaki na mzee siku hiyo.